CARIFTA, watoto wa Karibi na kijana wa Singida mwenye sekunde 11.0

Swali: Mtaalamu, mimi ni mwalimu wa michezo katika shule ya sekondari mkoani Singida. Kila Pasaka naona video za mashindano ya vijana ya CARIFTA huko Karibi. Watoto wa miaka kumi na tano, kumi na sita, wanakimbia mpaka unashika kichwa. Siri yao ni damu, chakula, au hayo mashindano yenyewe? Nina kijana wa miaka 16 anayekimbia mita 100 kwa sekunde 11.0, nimempima mwenyewe kwa saa ya mkono. Angekuwa kule angepata medali? Na sisi tuige nini?

Jibu: Mwalimu, kijana wako nitamfikia mwishoni, kwa sababu jibu lake halitakufurahisha sana na sitaki uache kusoma mapema. Tuanze na hayo mashindano.

CARIFTA lilikuwa jina la umoja wa biashara huria wa nchi za Karibi, ulioanza kazi mwaka 1968. Mwaka 1972, nchi hizo zilipokuwa zinajiandaa kuugeuza umoja huo kuwa jumuiya kamili, Austin Sealy, aliyekuwa rais wa chama cha riadha cha Barbados, alianzisha mashindano ya vijana ili mabadiliko hayo yawe na sura ambayo hata mtoto wa shule angeiona. Mashindano ya kwanza yalifanyika Bridgetown, Barbados, mwaka huohuo. Mwaka 1973 ukatiwa saini mkataba wa CARICOM, ndiyo jumuiya hiyo mpya, na umoja wa biashara ukaingia kwenye makabrasha ya historia. Mashindano yakabaki na jina lake. Kwa hiyo watoto unaowaona kwenye simu yako wanakimbia chini ya jina la umoja uliokufa kabla hata wazazi wa wengi wao hawajazaliwa. Mimi hilo hunifurahisha, hasa nikikumbuka kwamba Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 tuligawana mpaka ndege na mabehewa.

Wanaokuja si wa nchi zinazosema Kiingereza peke yake. Martinique, Guadeloupe na Guyana ya Ufaransa huja, Curaçao na Aruba huja, Haiti, Suriname, Visiwa vya Virgin vya Marekani na vya Uingereza, hata Bermuda ambayo ukiitafuta kwenye ramani utaikuta peke yake huko juu katikati ya Atlantiki, mbali na Karibi yenyewe. Cuba, Jamhuri ya Dominika na Puerto Rico hazimo. Hilo lizingatie unapopiga hesabu za medali, maana Cuba ikiingia, meza hiyo ingesomeka vingine kabisa, hasa kwenye miruko na mirusho.

Sasa, siri. Ukiniuliza mimi, CARIFTA si kiwanda cha mabingwa. Bingwa hatengenezwi kwa siku tatu za Pasaka. Kinachofanywa na mashindano haya ni kidogo kuliko watu wanavyodhani, ila kinafanywa kila mwaka, na hapo ndipo nguvu yake ilipo.

Angalia tarehe. Ni wikiendi ya Pasaka, Jumamosi, Jumapili na Jumatatu, shule zikiwa zimefungwa. Kocha wa shule ya kata huko Grenada anajua mwezi wa Septemba kwamba Pasaka kuna CARIFTA. Hahitaji kusubiri barua ya wizara wala kumpigia mtu simu kuuliza kama mwaka huu yapo. Anahesabu wiki kurudi nyuma: hapa tunajenga stamina, hapa tunaingia kwenye kasi, hapa tunapumzisha miguu. Mazoezi ya mbio fupi hayawezi kupangwa bila tarehe. Ukimwambia mtoto ajiandae kwa mashindano ambayo huenda yakawa Juni, huenda yakawa Agosti, huenda yasiwepo, unamchosha bure. Tangu 1972 mashindano haya yamekatika kwa sababu ya korona, mwaka 2020 na 2021, kisha Kingston ikayapokea 2022, Nassau 2023, St George's 2024 na Port of Spain 2025.

Halafu kuna sheria moja ambayo naiona ya maana kuliko uwanja wowote wa mabilioni: kila nchi inaruhusiwa kuingiza wanariadha wawili tu katika kila tukio la mtu mmoja mmoja, katika kila kundi la umri. Makundi ni mawili, chini ya miaka 17 na chini ya miaka 20. Fikiria maana yake kwa Jamaica. Kijana wa tatu kwa kasi katika nchi nzima, ambaye huenda ni wa tatu au wa nne katika Karibi yote, anabaki nyumbani kutazama kwenye televisheni. Ni ukatili, lakini ukatili huo unafungua mlango kwa mtoto wa Anguilla au Montserrat, visiwa vyenye watu wachache kuliko kata moja ya Dar es Salaam. Fainali ya watu wanane haiwezi kuwa na Wajamaika wanane. Itakuwa na wawili, na njia sita zilizobaki lazima zijazwe na visiwa vingine.

Hebu msogelee mtoto huyo wa kisiwa kidogo. Kwao anashinda kila mbio tangu akiwa darasa la tano. Hajawahi kuona mgongo wa mtu. Anafika CARIFTA, anapangwa njia ya tano, kulia kwake Mjamaika, kushoto kwake Mbahama. Bunduki inalia, na ndani ya mita thelathini anagundua kitu ambacho kocha wake hakuweza kumwonyesha kwa miaka mitatu: kwamba ukikakamaa shingo na mabega pale mwenzako anapokupita, unazidi kuachwa. Pengine anamaliza wa sita. Lakini muda wake siku ile ni bora kuliko wowote aliowahi kuuandika nyumbani, na mwaka unaofuata anarudi akijua anachokifuata. Somo hilo halifundishiki mazoezini, na kwa mtoto wa kisiwa chenye watu elfu tano halipatikani nyumbani hata umjengee uwanja wa dhahabu.

Jamaica yenyewe ni hadithi nyingine. Tangu 1985 hakuna nchi nyingine iliyoongoza meza ya medali. Bahamas walifanya hivyo mwaka 1984 wakiwa kwao Nassau, na baada ya hapo basi. Ukitaka kujua kwa nini, usiangalie CARIFTA, angalia wiki chache kabla yake. Kuna mashindano ya shule za sekondari ambayo Wajamaika wote wanayaita Champs, yaliyoanza mwaka 1910. Ndiyo, 1910. Wasichana walikuja kuanzishiwa yao mwaka 1957, na mwaka 1999 yakaunganishwa kuwa moja. Hufanyika Machi katika Uwanja wa Taifa mjini Kingston kwa siku tano, na siku ya mwisho uwanja unajaa watu wazima waliovaa rangi za shule walizomaliza miaka thelathini iliyopita, wanapiga ngoma na kutambiana: Calabar hapa, Kingston College pale, upande wa wasichana Edwin Allen, Hydel. Kwetu kelele za namna hiyo utazisikia Simba na Yanga wanapokutana, si mtoto wa kidato cha tatu anapokimbia mita 400.

Mjamaika anayefika CARIFTA, basi, ameshakimbia mbele ya watu maelfu na ameshanusurika mchujo mgumu kuliko CARIFTA yenyewe. Kwake safari ya Pasaka ni zawadi. Nyuma ya hayo kuna jambo lisilo na picha nzuri za kupiga: walimu. Chuo cha G.C. Foster, kilichofunguliwa mwaka 1980 kwa msaada wa Cuba, kimekuwa kikitoa walimu wa michezo waliosomea kazi hiyo, nao wamesambaa shuleni. Hata shule ya kijijini ina uwezekano mzuri wa kuwa na mtu anayejua kumfundisha mtoto kuinua goti na kupokea kijiti bila kugeuza kichwa. Viwanja vyao vingi vya mazoezi ni vya nyasi, Mwalimu, vya nyasi tu zilizochorwa mistari. Kwa hiyo ule udhuru wa kukosa tatani, yaani njia ya kukimbilia ya mpira, usiwe wa kwanza.

Umeuliza kuhusu damu na chakula. Usain Bolt aliposhinda Beijing mwaka 2008, baba yake aliwaambia waandishi kwamba siri ni viazi vikuu vya Trelawny, wilaya yao. Dunia ikakipenda kisa hicho. Mzee alikuwa na haki ya kujivunia mazao ya kwao, lakini viazi vikuu vinaliwa Nigeria na Ghana kwa wingi zaidi. Kuhusu damu, jeni inayotajwa sana ni ACTN3, ile inayohusishwa na misuli ya kasi. Ni kweli Wajamaika wengi sana wana aina yake ya kasi. Shida ni kwamba watafiti walipopima Wakenya wakaikuta imejaa vilevile, na Kenya tunaijua kwa mbio gani. Jeni hiyo ni kama leseni ya udereva: bila leseni huingii barabarani, ila kuwa nayo hakukufanyi ushinde mashindano ya magari. Watoto wa Singida wengi watakuwa nayo. Tafuta sababu kwingine.

Sasa hatari ya kuzitazama video hizo na kuamini kwamba anayeng'ara pale amefika. Chukua Bolt huyohuyo. Mwaka 2001 alikimbia CARIFTA ya Bridgetown akiwa na miaka 14 na kuondoka na medali za fedha, si dhahabu. Mwaka 2003 Port of Spain alichukua dhahabu nne. Mwaka 2004, Pasaka, mjini Hamilton huko Bermuda, alikimbia mita 200 kwa sekunde 19.93. Alikuwa na miaka 17. Hakuna kijana wa chini ya miaka 20 aliyekuwa amewahi kushuka chini ya sekunde 20 katika mbio hizo, na rekodi hiyo ya dunia ya vijana ilidumu hadi 2021, alipoivunja Erriyon Knighton wa Marekani. Miezi minne baada ya Bermuda, Bolt alikwenda Olimpiki ya Athens akiwa na maumivu ya msuli wa nyuma ya paja na akatolewa katika raundi ya kwanza kabisa. Ilimchukua mpaka 2008 kuwa yule tunayemjua. Na huyo ndiye aliyefanikiwa. Kila mwaka kuna washindi wa CARIFTA wenye miaka 15 ambao mwili wao ulikomaa mapema, wakawapiga wenzao kwa sababu tayari ni watu wazima, na wakifika 19 wenzao wanakuwa wamewafikia na kuwapita. Kocha mwenye tamaa huwa analiona hilo na kunyamaza.

Upande wa pili wapo waliotoka visiwa vidogo wakafika kweli. Kirani James anatoka Gouyave, mji wa wavuvi nchini Grenada, nchi ambayo eneo lake lote ni dogo kuliko kisiwa chetu cha Mafia. Alipitia CARIFTA, mwaka 2011 akawa bingwa wa dunia wa mita 400 akiwa na miaka 18, na London 2012 akaipa Grenada medali yake ya kwanza ya Olimpiki, ya dhahabu, kwa sekunde 43.94. CARIFTA ya 2024 ilifanyika katika uwanja wenye jina lake, na watoto wa Grenada walikuwa wanapasha misuli chini ya jina hilo huku mwenyewe bado anakimbia.

Kisa ninachokipenda zaidi, ila, si cha mbio. Ni cha mkuki. Keshorn Walcott alitoka Toco, kona ya kaskazini-mashariki ya Trinidad, akapitia CARIFTA, na mwaka 2012, akiwa na miaka 19, akashinda dhahabu ya Olimpiki London kwa mtupo wa mita 84.58. Karibi nzima ilishangaa, maana mkuki ulikuwa mchezo wa Wazungu wa kaskazini. Baadaye akatokea Anderson Peters wa Grenada, naye zao la CARIFTA, akawa bingwa wa dunia mwaka 2019 na 2022. Septemba 2025 mjini Tokyo, dhahabu ya dunia ilikwenda kwa Walcott na fedha kwa Peters. Wawili wa kwanza duniani, wote watoto wa visiwa. Na hapo ndipo sisi tunapoingia kidogo, kwa sababu Rio 2016 Walcott alipata shaba nyuma ya Julius Yego wa Kenya aliyepata fedha, Yego yuleyule aliyejifunza kutupa kwa kutazama video za intaneti. Nawaweka pamoja kwa makusudi. Yego hakuwa na njia ya kumfikisha, alijikatia mwenyewe porini. Nyuma ya Walcott akaja Peters, kwa sababu njia ilikuwepo na mwenzao alikuwa ameshaionyesha.

Nisikudanganye lakini kwamba kila medali ya Karibi ni kazi ya CARIFTA au hata ya Karibi. Julien Alfred, aliyeshinda mita 100 za wanawake Paris 2024 kwa sekunde 10.72 na kuipa Saint Lucia medali yake ya kwanza ya Olimpiki, alihamia Jamaica akiwa na miaka 14 kusoma na kukimbia huko, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Texas. Thea LaFond, aliyeishindia Dominica mruko wa hatua tatu katika Olimpiki hiyohiyo, alikulia Marekani. Makocha wa vyuo vikuu vya Marekani hukaa majukwaani CARIFTA wakiandika majina, na kwa familia nyingi hiyo ndiyo medali yenyewe: mtoto kusomeshwa bure. Visiwa vinalea, wengine wanamalizia kupika. Wapo wanaolilalamikia hilo. Mimi naona bora mtoto apate shahada huko kuliko akae kwao bila uwanja, bila ada na bila kazi.

Na usidhani wanaweza kila kitu. Tazama mita 1500, 3000 na 5000 za CARIFTA utaona washiriki wachache na nyakati ambazo kijana wa Iten kule Kenya au wa Mbulu kwetu, waliozaliwa na mbio ndefu, angezitabasamia. Kila mahali pana mchezo wake, na mchezo unakwenda kule ambako watoto wanaona watu wazima wakishangilia.

Umeuliza tuige nini. Nisingekwambia tuige Champs, ile ina zaidi ya miaka mia moja na haiagizwi kwa meli. UMISSETA, mashindano yetu ya shule za sekondari, tunayo, na mashindano ya shule za Afrika Mashariki ya FEASSSA yapo. Vyombo vipo. Ninachotaka kiigwe ni viwili: tarehe isiyohama, na mipaka ya idadi inayowapa nafasi wadogo. Cha tatu ni uaminifu wa umri. Shirikisho la dunia la riadha lilifuta mashindano ya dunia ya chini ya miaka 18 baada ya yale ya Nairobi 2017, yaliyojaza uwanja wa Kasarani mpaka watu wakasimama. Tangu hapo mtoto wa miaka 16 hana mashindano ya dunia ya rika lake yanayoandaliwa na shirikisho hilo. Ngazi yake kubwa ni ya kanda. Karibi walikuwa nayo tayari, tena ina mizizi ya nusu karne. Sisi kwenye ngazi hiyohiyo bado tunabishana kama aliyepanda jukwaani ni mwanafunzi au ni baba wa watoto wawili. Mwalimu, cheti cha kuzaliwa cha mtoto wako kikiwa safi, umeshatangulia nusu ya safari.

Haya, kijana wako. Sekunde 11.0 kwa saa ya mkono si sekunde 11.00 za CARIFTA. Kule muda unapimwa kwa kamera iliyounganishwa na bunduki, inayoanza kuhesabu papo hapo mlio unapotoka. Wewe kidole chako kinachelewa kubonyeza unaposikia mlio, na mwisho kinawahi kwa sababu unamwona mtoto akija. Ndiyo maana muda wa mkono kwenye mita 100 na 200 huongezewa sekunde 0.24 ukilinganishwa na wa mashine, na kwenye mita 400 huongezewa 0.14. Kwa hiyo kijana wako yuko kwenye 11.24 hivi, ikiwa upo peke yako na saa moja, ikiwa njia ni mita 100 kamili zilizopimwa kwa utepe na si kwa hatua, na ikiwa upepo wa Singida haukuwa mgongoni. Nao upepo huo naujua ulivyo. Kisheria ukizidi mita 2.0 kwa sekunde muda hauhesabiki kwa rekodi. Washindi wa CARIFTA wa chini ya miaka 17 huwa kwenye 10.6 au 10.7. Asingepata medali, na fainali ingekuwa kazi.

Lakini 11.24 kwenye vumbi, bila viatu vya miiba na bila mtu wa kumkimbiza, kwa miaka 16, ni mtoto wa kushughulikiwa. Kwanza mpime upya. Tafuta watu watatu wenye saa tatu, mwanzishaji asimame mahali ambapo wote wanaona moshi au mkono ukishuka, wabonyeze kwa kuona, si kwa kusikia. Saa mbili zikilingana, chukua muda wa hizo mbili; zote zikitofautiana, chukua wa katikati, kisha upandishe kwenda sehemu ya kumi inayofuata, yaani 11.03 iwe 11.1. Mpime pia mita 200, na mita 300 mara moja, uone anavyoshikilia mwendo. Wengi wanaodhaniwa ni wa mita 100 huku kwetu ni wa mita 400 ambao hawajaambiwa. Mpe siku tatu za kasi kwa wiki, si sita, na usimkimbize kilomita kumi za asubuhi pamoja na wenzake wa mbio ndefu kwa sababu tu ndivyo shule ilivyozoea. Kisha mtafutie watu wawili wanaomshinda, hata kama ni wa mkoa mwingine au ni wakubwa kwake, akimbie nao angalau mara tatu kabla ya UMISSETA. Ukipata hizo nyakati za saa tatu niandikie, nitakwambia kama ni wa mita 100 au la.